Jasho la Koti

Usifue, alisema Bwana Pargeter,
akililaza koti juu ya meza yangu
kama mtoto aliyesinzia njiani.
Usifue, usipige pasi, usipulizie kitu.
Shona kwapa tu.

Miaka kumi na tisa nashona hapa Walsall,
mji uliokata ngozi za matandiko
hadi farasi wenyewe wakaisha barabarani.
Nimepunguza suruali za maharusi,
nimetoa madoa ya mchuzi, ya mvinyo, ya damu ya pua.
Sijawahi kuambiwa uchafu ndio mali.

Koti la mahameli, zambarau iliyopauka,
shanga mabegani, nyingine zimeng'oka,
kwenye kola mstari wa poda, rangi ya matofali.
Alilivaa Dorian Skelhorn, akasema,
Birmingham, mwaka wa sabini na nne,
usiku ule umeme ulipokatika
naye akaimba gizani bila kipaza sauti.
Akatoa picha. Unakiona kifungo cha tatu?
Hakipo. Sasa tazama koti.
Hakipo.
Akanikazia macho kama wakili aliyemaliza kesi.

Kwake nimefika mara moja.
Chumba cha mwanawe aliyehamia Kanada,
pazia halifunguliwi, maana jua ni mwizi wa rangi.
Makoti yamesimama kwenye viwiliwili vya mbao,
viatu vya visigino virefu vimeshiba karatasi,
fulana moja ina ramani nyeupe ya chumvi mgongoni
na haruhusu mtu aikaribie na pumzi.
Hofu yake ni nondo.
Kila pembe ametega gundi.
Nilicheka kimoyomoyo: kikulacho ki nguoni mwako,
tuliambiwa, tukajilinda sisi.
Nguo nani aliilinda?

Basi, kwapa.
Nikafumua bitana kwa wembe,
uzi wa tatu, wa nne,
mkono ukasita.
Nailoni. Inang'aa kama njia ya konokono.
Na ndani kabisa, kisiki cha lebo iliyokatwa ovyo,
herufi tatu zilizosalia, mapacha watatu,
zile zinazotangulia anwani za mtandaoni.
Mwaka wa sabini na nne
mwenye mtandao alikuwa buibui.

Siku mbili koti lilining'inia nyuma ya duka
nikilikwepa kama mdai.
Nilijua alilipa kwa kiinua mgongo
cha kiwanda cha vitasa, Willenhall,
miaka thelathini ya kufungia watu wengine milango.
Nilipanga maneno, nikayapangua.
Jumamosi alipoingia na mvua yake
sikusema. Niligeuza bitana tu.

Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua.
Najua, akasema. Tangu mwaka jana.
Yuko kijana wa Dudley, fundi bomba,
Ijumaa usiku anakuwa Dorian kwenye mabaa,
wigi, poda, na goti lile la kupigishwa chini.
Nilimtafuta nimgombeze.
Nikamkuta jukwaani, kreti mbili za bia na ubao,
watu thelathini, nusu wamempa migongo,
naye anaimba kama nyumba inaungua
na yeye ndiye mwenye ndoo.
Miaka sita aliimba na koti hili.

Akaliinua, akalinusa kwapani
mbele yangu, mbele ya mteja wa zipu,
hakuona haya.
Hili halikughushiwa, akasema.

Mbona basi uliniambia ni la Skelhorn?

Ningesema la fundi bomba
ungelifua.

Kweli, ningelifua.
Nilishona kwa pamba, hatua fupi fupi,
nikiacha doa lipite chini ya sindano
kama mgeni asiyetaka kuamshwa.
Alilipa bei kamili, akakataa chenji.
Mlangoni akageuka:
kifungo cha tatu kimo mfuko wa ndani,
kijana alikikata mwenyewe afanane na picha.
Tafadhali, usiwe umekirudisha.

Nilikuwa nimekirudisha.
Nikachukua mkasi.